Mbuzi Yake, Si Mbuzi Wake

Keza mwanangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa darasa la nne. Kile kitabu cha Mwalimu Josefina, ambacho mama yako alikusomea ulipougua surua mpaka ukaweza kukisema bila kukitazama, hakikutolewa shuleni na "watu wa kanisa" kama nilivyozoea kukuambia. Au tuseme kilitolewa na watu wa kanisa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa watano mezani, na kati ya hao watano aliyejua Kiswahili sawasawa ni mimi peke yangu.

Naandika alasiri hii, wewe umekwenda mtaa wa Gitega, hapahapa Kigali, kutafuta kufuli la sanduku. Nimeketi dirishani, ubao wa kukatia mboga uko magotini badala ya meza. Ukikuta herufi zimelala, usidhani nililia. Ni mkono tu. Ndege imepita sasa hivi juu ya paa na vioo vimetetemeka. Kesho saa kama hii moja ya ndege hizi itakuwa yako, nami nitaitambua kwa saa. Daktari ametuambia sote wawili moyo wangu umefika wapi, kwa hiyo tusidanganyane kuhusu Krismasi.

Sikuandikii habari za maji ya kuchemsha, wala za wanaume, wala za simu kuibwa. Shangazi zako wamekueleza hayo yote kwa sauti kubwa tangu Jumatatu, na wewe ni mtu mzima. Begi langu la ngozi ni lako, tia vyeti vyako humo. Juzi uliniuliza ni nini kilichotoboa kitako chake, nikasema panya. Fundi ameshatia kiraka, litakufaa.

Leo asubuhi, ulipokuwa kwa msusi, nilipata wageni watatu. Uliwakuta getini wakiondoka, ukaniuliza mbona wamekunja nyuso, nikakujibu walikuja kunisalimia. Hawakuja kunisalimia. Nitakueleza walichokuja kutafuta, lakini hutaelewa nilichowajibu kama sijaanza na Tanga.

Unajua nilizaliwa kwenye mashamba ya mkonge, ambako babu yako alikwenda kufanya kazi na hakurudi tena. Bibi yako humjui sana. Mama yangu alijifunza kupika kwa majirani, na kwa majirani wale mchuzi usio na nazi ulikuwa maji ya moto tu. Akamwendea seremala, akatengenezewa mbuzi yake: kigoda kidogo cha kukunja, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia kama mtu aliyepanda kitu, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, unakuna, na nyama nyeupe inaanguka kwenye sinia. Mama hakuwa na binti, kwa hiyo nazi za nyumba ile nilizikuna mimi. Hili kovu la kidole gumba ulilopenda kulichezea ukiwa mdogo ni la meno ya mbuzi ile.

Mama alipofariki sikuchukua kitu kingine chochote chake. Mimi na mama yako tuliporudi Rwanda, nilikuja na mbuzi hiyo ndani ya gunia la vitabu, ingawa Kigali nazi si kitu cha kila siku. Ni hiyo uliyozoea kuiona juu ya kabati la jikoni, imefungwa gazeti.

Wewe ulizaliwa hapa, hujui ilivyokuwa kurudi. Kila mtu aliitwa kwa kule alikotoka. Sisi wa Tanzania tulikuwa Waswahili, na neno hilo hapa si la lugha tu. Mswahili ni mtu wa maneno mengi, mjanja, ambaye dini yake haieleweki vizuri. Nikibishana na mtu kwenye foleni, aligeuka akawaambia wenzake, "Mwacheni, ni Mswahili huyo," na wote wakacheka, na hoja yangu ikafa. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na mke na nyumba Kabeza, lakini nilichokitamani kuliko yote ni kuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye neno lake halichekwi. Nikawa.

Shule ya kanisa letu ilikuwa na maktaba ya rafu tatu. Mchungaji Silas, aliyekuwa mkuu wetu, aliunda kamati ya kusoma kila kitabu kabla hakijafika mikononi mwa watoto. Kitabu kibaya kilitolewa. Kitabu kizuri chenye ukurasa mbaya kilibandikwa. Mama Perpetua, kiongozi wa akina mama, alikuja na sufuria ndogo ya uji mzito wa unga wa muhogo, tukapaka kwa vidole, tukakandamiza kurasa mbili zikawa moja. Nilikuwa hodari, Keza. Kurasa zangu hazikuacha mabonge.

Unakumbuka kitabu cha sayansi ulichokuja nacho nyumbani? Ulikaa pale kwenye ngazi ukauliza, "Baba, mbona ukurasa huu mnene hivi?"

Nikasema, "Unyevu."

Ulinitazama, ukaenda jikoni, ukashikilia kitabu juu ya birika linalochemka. Ulirudi na kurasa mbili na picha ya mwili wa binadamu, ukasema, "Baba, kumbe dawa ya unyevu ni mvuke." Mama yako alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilikunyima redio wiki nzima, nikidai kwamba umeharibu kitabu cha shule. Adhabu ile ilikuwa ya uonevu, nami nakuomba radhi. Usiku ule sikukasirika kwa sababu ya kitabu. Nilikasirika kwa sababu mtoto wa darasa la tatu alibandua kazi yangu nzuri kwa dakika moja.

Usidhani tulikuwa watu wabaya waliokaa chumbani wakichukia watoto. Mchungaji Silas alikuwa na hoja, na hoja ile iliniingia. Alisema, "Ninyi mnajua nchi hii maneno yamefanya nini." Hakuna mtu wa umri wangu hapa anayeweza kumcheka anayesema hivyo. Maneno yalisemwa redioni na barabarani, na watu wakafa. Kwa hiyo tulipobandika kurasa tulijiona kama walinzi wa mlango. Imenichukua uzee wote kuona kwamba nililielewa somo lile kinyume. Maneno yale hayakupata nguvu kwa sababu watoto walisoma vitabu vingi. Yalipata nguvu kwa sababu watu waliojua kuwa ni uongo walikuwa wameketi palepale, wamesoma, wana akili, na hawakufungua kinywa. Silinganishi. Kosa langu ni dogo mbele ya hayo, na anayelinganisha hana haya. Nasema tu kwamba kunyamaza kwangu ni kwa ukoo huohuo.

Sasa Josefina. Alikuwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, Mnyarwanda wa Tanga kama mimi, ila yeye hakuona haya. Wakimwita Mswahili aliitika, "Abee!" Aliandika hadithi nane kwa ajili ya darasa lake, akazichapa kwenye mashine ya shule, akashona kila nakala kwa uzi mweusi. Moja ilikuwa ya siku ya harusi. Ilikuwa na sentensi hii: "Shangazi aliikalia mbuzi yake uani, akawa anakuna huku anaimba." Nazi zinatajwa sentensi inayofuata. Lakini Mama Perpetua hakufika sentensi inayofuata.

Alikuwa akisoma kwa kidole. Kidole kikasimama. Akafunga kitabu, akafungua, akafunga tena.

"Mwarimu," aliniambia, "hapa iko nini?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Huyu shangazi. Anafanya nini hapa nje, watu wote wanaona?"

"Nadhani anapika."

"Hapana kupika. Soma." Akanisukumia kitabu. "Soma kwa roho, usisome kwa mdomo."

Wewe umekulia hapa, unajua kilichomgutusha. Katika Kinyarwanda kuna neno linalofanana sana na hilo la kukuna, nalo linataja jambo la siri la wanawake, ambalo mwanamke humtajia mwanamke mwenzake mlango ukiwa umefungwa. Na huyu shangazi analifanya uani, siku ya harusi, huku anaimba.

Mzee aliyekuwa upande wa pili wa meza akachukua kitabu, akainua miwani. "Na mbuzi? Mbuzi iko hapo ya nini?"

"Amekaa juu yake," Mama Perpetua alinong'ona. "Juu ya mbuzi. Mana yanjye, Mungu wangu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mchungaji Silas hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wetu. Hili neno mbuzi, ni mbuzi huyu huyu tunayemjua?"

Nisikilize vizuri hapa, maana kesi nzima ilikuwa kwenye silabi moja. Josefina aliandika mbuzi yake. Mbuzi anayekula majani ni mbuzi wake. Mbuzi yake ni chombo. Mtoto wa Tanga asiyejua kusoma angeisikia tofauti hiyo akiwa usingizini. Lakini Kigali sote tunasema mtu ya, kitu ya, mbuzi ya, na pale mezani hakuna sikio lililoweza kuisikia silabi ile isipokuwa langu. Nilikuwa nimeifundisha ubaoni wiki hiyohiyo. Nilikuwa na kovu lake kidoleni.

Nikasema, "Neno ni hilohilo."

"Na lile lingine?"

"Lina maana zaidi ya moja."

Hakuna hata moja kati ya sentensi hizo mbili ambayo ni uongo. Nimejitetea hivyo, kimoyomoyo, miaka mingi. Mchungaji alitikisa kichwa akatabasamu kidogo, akasema, "Ninyi Waswahili mna mambo." Na mimi, Keza, niliposikia lile "ninyi", nilitishika kama mtu aliyeona nyoka. Niliona kwamba nikimtetea shangazi yule nitakuwa Mswahili anayejua mambo ya uani. Basi nikawa mzee wa kanisa asiyejua. Nilipewa karatasi, nikaandika kwamba mimi, mtaalamu wa lugha, nimethibitisha kuwa maneno hayo yana maana isiyowafaa watoto. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri.

Kesho yake Josefina alinikuta chumba cha walimu. Alikuwa anacheka, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu, wamenishtaki kwa nazi."

"Nimesikia."

"Wamesema nina shangazi anayempanda mbuzi. Mimi! Shangazi yangu mwenyewe marehemu, alikuwa hata punda hampandi." Alicheka tena, kisha akanishika mkono. "Wananiita Alhamisi nijieleze. Ile mbuzi ya mama yako bado unayo? Ilete. Nitaikalia mbele ya Mchungaji, nikune nazi moja, nimpikie wali, ale, kesi iishe."

Nikasema nitaileta. Hakunisema kwa ajili ya karatasi ile, nadhani hakuwa ameonyeshwa bado.

Alhamisi alikuja na nazi aliyoitafuta soko zima, akaiweka katikati ya meza, mbele ya Biblia ya Mchungaji. Akasimama wima kama mtu anayeanza somo. "Wazee wangu," alisema, "leo nitawaonyesha." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, umekuja nayo?"

Nikasema, "Sikuiona. Tumeitafuta nyumba nzima."

Aliiacha nazi pale mezani. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu yeyote mzuri angefanya akikosa kifaa: akatumia mwili wake. Alivuta kiti, akakikalia kama anavyokaliwa mbuzi, akashika nazi ya hewani kwa mikono miwili, akaanza kukuna. Mchungaji Silas alitazama dari. Mama Perpetua alijifunika uso kwa mtandio.

"Basi," alisema Mama Perpetua, "basi, mwanamke, tumeona. Imetosha."

"Lakini ni nazi, mama!"

"Imetosha."

Kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuzama. Kitu kimoja tu kingemwokoa, chuma cha urefu wa kiganja, chenye meno. Walimwambia mkataba wake hautaendelea. Vitabu vyake vyote vilikusanywa darasani, pamoja na hicho chako, ambacho nilikitoa chini ya mto wako kwa mkono wangu nikaweka kitabu cha hesabu mahali pake. Ulilia kwa ajili ya kitabu, mimi nikakuambia ni watu wa kanisa.

Siku ya kuondoka kwenda Tanga alipita hapa kumuaga mama yako. Mlangoni aliniambia, "Usijisumbue, mwalimu. Kitu kikipotea kimepotea." Na kila Krismasi, mpaka mama yako alipofariki, alimtumia salamu kwa simu, na mwisho wa kila salamu aliuliza kwa utani, "Ile mbuzi ilipatikana?" Mama yako alinisomea kwa sauti, naye hakujua kilichofungwa ndani ya gazeti lile. Nilikuwa nikisema, "Mwambie bado."

Sasa nirudi kwa wageni wa leo asubuhi.

Mama Perpetua alikuja kwa mkongojo, pamoja na kijana mmoja na msichana mmoja, wamevaa vizuri, wana adabu, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu wanaomtembelea mgonjwa. Kamati ile ndogo imekuwa chama kikubwa siku hizi, chenye makanisa mengi ndani yake. Wana orodha ya vitabu wanavyotaka viondolewe katika maktaba za shule na visisomwe redioni. Kile ulichokiandika wewe, cha chura, ni cha nne.

"Chura," alisema yule kijana, "anamjibu bibi mzee. Kiroho hilo ni pepo, Muzehe. Watoto wataanza kuzungumza na mapepo."

Nikamwambia, "Kila Jumapili mnawafundisha watoto habari za punda aliyezungumza."

"Punda yule alitumwa."

"Umejuaje chura hakutumwa?"

Msichana alitazama viatu vyake. Nadhani alitaka kucheka. Kijana akafungua jalada, akatoa karatasi iliyofunikwa plastiki. Nilitambua mwandiko kabla sijavaa miwani. Ilikuwa ripoti yangu. Wameitunza, Keza. Wanaitembeza shule hadi shule. "Hii ndiyo ya kwanza kabisa," alisema kwa heshima, "kila kitu chetu kimeanzia kwako. Ndiyo maana tunaomba utie sahihi orodha mpya. Tunajua Keza ni binti yako. Baba akisaini dhidi ya kitabu cha mwanawe, hakuna atakayesema tuna chuki."

Niliomba kalamu. Walisogeza orodha magotini mwangu, nikaona wamefurahi. Niliigeuza upande mweupe. Nikaandika, polepole, kwa herufi kubwa ambazo hata mkono huu hauwezi kuziangusha: "Mbuzi yake, si mbuzi wake. Shangazi alikuwa anakuna nazi. Nilijua siku ile kama ninavyojua leo. Ripoti yangu kuhusu Mwalimu Josefina ni ya uongo. Kitabu cha binti yangu nimekisoma mara tatu na nitakisoma tena." Nikatia jina langu lote na sahihi.

Kijana alisoma akabadilika rangi. Akasema karatasi hiyo haiwezi kuingia kwenye jalada, kwamba mimi ni mgonjwa, kwamba wataniombea. Nikamwambia aniombee kwa dhati, ninahitaji maombi, lakini jalada bila karatasi hiyo ni jalada la uongo na nitalitangaza hivyo maadamu nina pumzi ya kushika simu. Sijainua sauti namna ile tangu mama yako afe. Iliniuma kifuani na ilinipendeza.

Mama Perpetua alikuwa bado anasoma. Kwa kidole, kama zamani.

"Mwarimu," alisema. "Unataka kusema ilikuwa nazi?"

"Ilikuwa nazi, mama."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Kisha akasema, bila hasira, "Lakini mimi nilikuuliza. Mwarimu, si nilikuuliza?"

Ni kweli, aliniuliza. Miaka yote nimemweka Mama Perpetua kwenye kiti cha mkosaji, na uji wake wa muhogo, na kidole chake. Lakini yeye aliona neno asilolijua akamgeukia mtu aliyelijua akamuuliza. Hakuna kitu kingine ambacho msomaji mwaminifu angeweza kufanya.

Kwa hiyo ukiniuliza nimejifunza nini, ni hiki tu, na huna lazima ya kukikubali. Wanaokataza vitabu hawawezi kufanya kazi peke yao. Siku zote huhitaji mtu mmoja aliyesoma, anayejua kwamba nazi ni nazi, akae nao mezani asiseme. Bila yeye ni watu wenye hofu na sufuria ya uji. Pamoja naye wanakuwa na ripoti. Kule unakokwenda, Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye vitabu vingi na watu wenye tai, siku moja mtu mwenye adabu atakugeukia akuulize neno fulani lina maana gani, na chumba kizima kitakuwa kinangoja jibu moja. Hawatakutishia. Watakuheshimu sana. Heshima ile ndiyo iliyonishinda mimi.

Bado nasali, usisikilize watakaosema nimeacha. Nasali asubuhi na jioni, na leo nimesali vizuri kuliko miaka ishirini iliyopita. Sikubali kwamba Mungu anahitaji kubandikiwa kurasa. Na kama watanifuta uzee wa kanisa kabla ya mazishi yangu, usibishane nao kuhusu jeneza. Waimbe au wasiimbe, nitakuwa nimelala.

Nilimwomba jirani apige picha karatasi ile kabla hawajaondoka nayo. Iko kwenye simu yako uliyoiacha hapa, utaiona ukirudi. Wakiisoma kanisani Jumapili, vyema. Wasipoisoma, mtumie kila mtu unayemjua, na kila mtu usiyemjua.

Ombi langu ni moja. Josefina yu hai, anaishi na mpwa wake Tanga, na namba yake imo katika daftari la mama yako. Ukishatulia Dar es Salaam, panda basi umpelekee mbuzi ya mama yangu. Nimeitoa juu ya kabati, nimeifungia kanga, iko chini kabisa ya sanduku lako. Uwanja wa ndege wakikuuliza ni nini, waambie ni mbuzi, uone watakavyokutazama. Na mpe barua hii aisome yote, usimkatie mahali.

Alinisamehe kwa kitu nilichomwambia kimepotea. Sitaki kufa nimesamehewa kitu hicho. Begi la ngozi, Keza, halikutobolewa na panya. Alhamisi ile asubuhi niliitoa mbuzi jikoni, nikaikunja, nikaitia ndani ya begi, kwa sababu mpaka nafika mlangoni pa kamati nilikuwa nimeazimia kuitoa. Nililiweka begi chini ya meza, kati ya miguu yangu. Josefina aliponigeukia akaniuliza kama nimekuja nayo, nami nikajibu kwamba sikuiona, meno ya mbuzi yalikuwa yameshatoboa ngozi ya begi na yalikuwa yananichoma kifundo cha mguu.